Maneno ya Barafuni

Mikono ya Vern Kangas haikunji ngumi vizuri siku hizi. Ukimpa kikombe cha kahawa anakishika kwa viganja vyote viwili, maana vidole vimevunjika na kuunga ovyo mara nyingi mno, hata daktari alishachoka kuvinyoosha. Ujanani hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kupiga watu. Timu za hoki ya barafuni hazikumwajiri afunge magoli. Aliingia kwenye barafu kocha alipomgusa bega, akamtafuta mtu aliyeonyeshwa, akavua glavu na kumng'oa meno. Alifanya hivyo kuanzia Duluth hadi vijiji vya Kanada ambavyo hata yeye havikumbuki, na watu walikata tiketi, wakala soseji zao na kushangilia damu ilipodondoka.

Sisi watu wa Ahola tulijivuna naye, nasema kweli. Mji wetu ni wa mgodi wa chuma, na mgodi ukifungwa tunabaki na hoki tu. Kijana wetu akirudi nyumbani Krismasi na nyuzi kumi na mbili usoni, mama yake alimtembeza kanisani watu wamwone. Ujinga? Haya, ni ujinga. Lakini ulikuwa wetu.

Kila alikopigana Vern, Butch Zupan alikuwa pembeni yake. Walikua mtaa mmoja, wakachezea timu moja tangu shule ya msingi. Kuna siku huko Thunder Bay, mechi imekwisha, watu watatu walimbana Vern kwenye korido wakaanza kumtwanga kwa magongo kichwani. Alikuwa ameshaanguka, jicho moja halioni, na wale jamaa hawakuwa na mpango wa kuacha. Butch akatoka bafuni uchi wa mnyama, maji yanamchuruzika. Mmoja wao Butch alimbana mkono kwenye mlango wa chuma na kuufunga kwa teke mpaka mfupa ukalia. Wengine wawili walikimbia. Tangu siku hiyo Vern alisema pumzi anayovuta ni ya Butch, na hakuwa anatania.

Sasa kuna jambo moja la kwetu ambalo lazima ulijue. Tuna msemo: maneno ya barafuni huyeyuka barafuni. Mtu akikwambia uwanjani atakuua, hiyo ni salamu. Wazazi jukwaani ndio wabaya zaidi. Mama mmoja mcha Mungu kabisa aliwahi kumwapia refa kwamba atamzika chini ya gereji yake mwenyewe, na Jumapili iliyofuata alimpelekea mkate wa njugu uliokunjwa, ule wa Kislovenia. Hakuna anayeyabeba maneno hayo kuvuka mlango. Anayeyabeba anaitwa mbea, na mbea Ahola hapati hata mtu wa kumvuta gari likikwama kwenye theluji.

Mwili ulipomkatalia, Vern alirudi nyumbani, na shule ya sekondari ikamwajiri mlinzi. Redio kiunoni, funguo tele, kazi yake kuwatenganisha wanaopigana. Aliifanya vizuri, nani angempiga Kangas? Wakamweka pia kwenye kamati ndogo ya kuchunguza vitisho, yeye, mwalimu mkuu na naibu sherifu, polisi wa kaunti. Wakampeleka Saint Paul, mji mkuu wa jimbo, kwenye mafunzo ya Kituo.

Kituo ndicho kinachokusanya taarifa za vitisho za jimbo zima. Mtoto akituma ujumbe kwa namba ya siri, ile ya kutoa taarifa bila kujitaja, unafika pale. Polisi wa kaunti moja wakiona jambo, mahakama ya kaunti nyingine ikiandika jingine, yote yanafika pale, na wachambuzi wanayaweka meza moja waone kama yanamhusu mtu mmoja. Kisha wanaiambia shule: lichunguzeni hili, mtujibu. Mwalimu wao alisema, msiulize tu kama mtu ametishia, ulizeni kama anaelekea kutenda. Vern alisinzia siku ya pili yote. Alirudi Ahola na begi la bure na boksi la donati.

Butch maisha yalikuwa yamemkalia vibaya. Mgodini walimfukuza alipomkaba koo msimamizi wake. Mkewe akaondoka kwenda Arizona. Kichwa chenyewe, baada ya ngumi za miaka yote ile, kilikuwa kinamwasha taa na kuzima, asubuhi mpole, jioni anavunja viti. Kilichobaki ni binti yake Maren, kipa wa timu ya wasichana ya shule ileile, na chuo kimoja kikubwa kilikuwa kinakuja kumtazama. Hilo ndilo lilimfanya Butch aamke kitandani.

Kisha kile kisahani kigumu cha mpira kinachochezewa hoki kilimpiga Maren kwenye kofia ya kujikinga mazoezini, mara ya tatu msimu huo. Akatapika kwenye benchi na kuuliza leo ni siku gani. Kocha Solveig Dahl, mwanamke mfupi ambaye naye alikulia Ahola, alimvua glavu palepale.

"Msimu wako umekwisha, mwanangu," alimwambia. "Utanichukia, nichukie. Ila kichwa chako utatoka nacho hapa kikiwa kizima."

Ijumaa timu ilicheza bila Maren, ikapigwa saba bila. Butch alisimama nyuma ya kioo kinachozunguka barafu mechi nzima, akikipiga kwa ngumi mpaka michirizi ya damu ikateremka.

"Dahl! Umeniibia mtoto! Humalizi wiki, unasikia? Nitakutoboa mbele ya timu yako!"

Watu walicheka. Mmoja alimpa bia.

Kwenye maegesho ya magari, Kocha Dahl alipotoka na mfuko wake, Butch alimdaka nywele. Alimbamiza uso kwenye boneti ya gari, mara moja, mara mbili, na mara ya pili pua ilipasuka kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni. Vern akaja mbio, akamvuta Butch kwa kola. Butch akageuka na kumpiga ngumi ya taya, Vern akamrudishia ya mbavu, wakaangushana kwenye theluji wakipumua kama maksai. Kisha, kama walivyofanya maisha yao yote, wakaanza kucheka.

"Umezeeka, Kangas. Ngumi gani hiyo? Bibi yangu alikuwa na nzito zaidi."

"Bibi yako alikuwa na ndevu pia. Nenda nyumbani, mshenzi we."

Butch aliacha kucheka kabla yake. "Nitamuua yule, Kangas. Na wewe ukisimama katikati, nitaanza na wewe."

"Sawa, sawa. Nenda ukalale."

Solveig alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, skafu yake imelowa damu.

"Usimwite sherifu," Vern alimwambia, akimpa theluji ya kuweka puani. "Hasira tu hizo. Kesho atakuja kukupigia magoti."

"Vern, yule hakuwa anacheza."

"Maneno ya barafuni, Solveig."

Yeye naye alikuwa mtoto wa Ahola. Alitazama chini, akatema damu, na hakumwita mtu.

Jumapili Butch alisimamisha pikapu mbele ya nyumba ya Vern akamshusha Sulo, mbwa wake wa kuwindia bata. Alimlea kwa chupa tangu hajafungua macho, na kuna mwaka alimpasua mtu mdomo kwa kumrushia Sulo jiwe.

"Mchukue," alisema. "Mgongo umenikatalia, siwindi tena."

"We Butch, umelewa? Mbwa wako huyu."

"Nimesema mchukue, bwana. Chakula chake hiki hapa."

Alimkuna Sulo masikioni kwa muda mrefu. Kisha akamshika Vern shingo, akamwegemezea paji la uso, kama walivyokuwa wakifanya kabla ya mechi, akaondoka bila kuaga. Vern aliona ni ukarimu. Alifurahi hata, maana siku zote alimtamani yule mbwa.

Jumatatu asubuhi mwalimu mkuu, Bi Lund, aliiita kamati ofisini. Naibu sherifu Hokanson alikuwa ameshafika na kofia yake magotini.

"Kituo wametuletea hili," Bi Lund alisema. "Kuna mtu katuma kwa namba ya siri. Anasema Butch Zupan ana bunduki ndani ya begi la hoki, na anasema Kocha Dahl hamalizi wiki."

"Nani katuma?" Vern aliuliza.

"Hajajitaja."

"Mbea fulani basi, mwenye mtoto anayekalia benchi." Vern akacheka, na Hokanson, ambaye aliwahi kuwa beki wa Ahola, akacheka naye. "Nilikuwepo Ijumaa. Kelele za uwanjani zile."

Bi Lund alitoka Iowa, mahindini, hoki aliiona ukubwani. "Si tungemwuliza tu? Hokanson aende akazungumze naye?"

"Mwalimu mkuu, sikiliza. Ukimtumia polisi mtu aliyepoteza kazi na mke kwa sababu ya kelele za uwanjani, utakuwa umemmalizia. Namjua Butch kuliko ninavyojijua. Angetaka kumuua mtu angekuwa ameshaua zamani, na angetumia mikono."

Hakuna aliyemwuliza kuhusu boneti, na yeye hakuitaja. Mbwa ndiyo kabisa hakumkumbuka. Hokanson akapiga simu Kituoni mbele yao, akasema shule imechunguza, mtu anafahamika, hatari ni ndogo, maneno ya barafuni. Bi Lund alitia saini. Wakanywa kahawa.

Jumanne, karibu na saa ya chakula cha mchana, simu ya ofisi ya Vern pale shuleni ililia. Ilikuwa sauti ya mwanamke, tulivu, ya mtu aliyekwishapiga simu nyingi za namna hiyo.

"Bwana Kangas? Naitwa Pa Houa Vang, mchambuzi wa Kituo. Jibu lenu la jana nimelisoma. Nina maswali machache."

"Dada, tulishamaliza hilo."

"Nyie mmemaliza. Mimi bado. Yule aliyetuma Jumamosi ametuma tena jana jioni. Kaunti ya jirani nao wameniambia uwanja wao wa kulengea shabaha ulimfukuza Bwana Zupan wiki iliyopita, alibandika picha ya mwanamke akawa anaipiga usoni. Na kuna kesi ya kumkaba msimamizi. Kila mmoja ana kipande chake, na kila mmoja anakiona kidogo. Wewe una kipande gani?"

"Sina kipande mimi. Mimi ni rafiki yake."

"Ndiyo maana nimekupigia wewe. Ameshamgusa kocha kwa mikono?"

Vern akilini alimwona Butch wa Thunder Bay, uchi, anateleza kwenye damu yake Vern, anapiga teke mlango.

"Bwana Kangas. Siku za karibuni ametoa kitu anachokipenda? Amekipa mtu?"

Sulo, ambaye Vern alikuja naye kazini, alikuwa amelala chini ya meza, kidevu juu ya kiatu cha Vern.

Vern aliweka mkono wake mbovu juu ya kichwa cha mbwa, na hofu iliyomshika hakuwahi kuijua hata alipokuwa chini ya magongo ya watu watatu.

"Mtamuua?" aliuliza. "Nikisema, mtakwenda kumpiga risasi?"

"Mimi nipo kwenye kiti huku Saint Paul, kaka. Siwezi kukuahidi kitu. Ninachojua ni kwamba ukikaa kimya, mimi sina cha kumwambia mtu yeyote."

Akasema. Nywele, boneti, pua, lile neno la kumuua, mbwa. Yalitoka yote kwa mkupuo, na alisikia aibu kana kwamba anamvua rafiki yake nguo mbele za watu.

"Kuna njia mtu anaweza kuingia shuleni na begi la hoki bila kukaguliwa?"

"Nani atakagua begi la hoki Ahola, dada? Kuna mlango kati ya uwanja wa barafu na shule. Haujawahi kufungwa."

"Ufunge sasa hivi. Nampigia naibu sherifu."

Alikimbia, simu akaiacha ikining'inia kwa waya wake. Alikuwa ameshafika kwenye kona ya ukumbi wa mazoezi, funguo mkononi, aliposikia milipuko miwili, kavu, karibu karibu.

Kocha Dahl alikuwa amesimama kwenye mlango wa ofisi yake, ameshikilia fremu kwa mikono yote miwili. Fulana ya timu ilikuwa inageuka nyeusi kuanzia tumboni. Alimtazama Vern akafungua mdomo, damu ikatangulia neno. Akateremka taratibu, kucha zikikwaruza rangi ya mlango.

Butch aligeuka. Begi la hoki lilikuwa begani, wazi, bunduki mikononi. Nyuma yake, ng'ambo ya milango ya kioo ya ukumbi, darasa zima la wasichana lilikuwa limelala sakafuni likipiga mayowe.

"Toka hapo, Kangas."

Vern hakutoka. Risasi ilichukua nusu ya sikio lake la kulia na yeye hakuisikia, alikuwa ameshamfikia. Alimgonga kwa bega kifuani, wakapiga ukuta pamoja, kabati la vikombe vya ushindi likawaangukia vioo na vyote. Akaukamata mkono wenye bunduki akaupinda kinyume kwenye kiwiko mpaka ukavunjika. Bunduki ikaanguka. Hapo ndipo angeacha, na hakuacha. Alimpanda juu akampiga usoni kwa ngumi zile zisizokunjika. Aliyasikia mataya yakipasuka, akaendelea. Alimpiga kwa ajili ya Solveig, kisha kwa ajili ya mbwa, kisha kwa ajili yake mwenyewe, mpaka Hokanson alipomkaba kwa nyuma kumwondoa.

Butch alikuwa bado na fahamu. Jicho moja lilikuwa limefumba, mdomo umekuwa nyama tupu. Alisema polepole, na Vern alilazimika kuinama ili asikie.

"Nilikuletea Sulo, Kangas. Ulidhani kwa nini?"

Solveig Dahl alifariki kabla helikopta haijatua.

Mazishi yalikuwa siku ya baridi iliyopasua midomo. Baadaye watu waliteremka chini ya kanisa kula viazi vya kuokwa na nyama ya kusaga, chakula chetu cha misiba yote, na kila mtu alitaka kumgusa Vern. Sikio lilikuwa limefungwa bandeji, vidole vipo kwenye plasta. Wazee walimpigapiga mgongo. Mama wa mmoja wa wale wasichana alimwangukia kifuani akalia, akisema bila yeye angekuwa anamzika mwanawe. "Shujaa wetu," walisema, na kumwekea sahani ya tatu. Hokanson alikuwa kwenye kona, anaitazama kahawa yake. Bi Lund hakuja kabisa.

Mimi nilikuwa nakata keki. Nilimwona Maren akiingia, na chumba kizima kikazima kama redio. Binti wa muuaji, kwenye matanga ya aliyeuawa. Alivaa miwani ya jua, maana mwanga ulikuwa bado unamuumiza kichwa. Alipita katikati ya meza mpaka mbele ya Vern.

"Anko Vern."

"Maren, mwanangu. Kaa, ule."

"Sikuja kula. Nataka kujua kitu kimoja. Ni mimi niliyetuma kwa ile namba."

Niliweka kisu cha keki chini.

"Nilituma Jumamosi," alisema. "Baba alikuwa sebuleni anasafisha bunduki, mimi nimejifungia bafuni. Nilimsaliti baba yangu, anko. Jumatatu nikangoja polisi waje wamchukue. Hawakuja, nikatuma tena. Yule dada wa Kituo amenieleza kwamba waliupeleka ujumbe wangu shuleni Jumatatu ileile asubuhi, na shule ikajibu." Alishika ukingo wa meza. "Ikajibu ni maneno ya barafuni. Nani alisema hivyo?"

Hokanson alisimama, kisha akakaa tena. Vern alikuwa na nafasi. Angeweza kusema kamati, na lingekuwa kweli. Watu wote pale wangemkubalia, maana hata sisi wengine tulikuwa jukwaani Ijumaa ile, tuliona ile damu kwenye kioo tukacheka.

"Mimi," alisema.

Maren alimpiga kofi kwanza. Kisha ngumi, ngumi ya kipa, nzito, juu ya bandeji, na damu ikachirizika shingoni mwa Vern mpaka kwenye kola nyeupe. Alimpiga ya mdomo. Wanaume wawili waliruka kumshika, Vern akainua kiganja chenye plasta.

"Mwacheni."

Miwani ilikuwa imeanguka. Maren aliyumba, akajishika kichwa kwa mkono mmoja, uso umekunjamana kwa maumivu, na mkono wa pili ukaendelea kumpiga.

"Taratibu, mwanangu," Vern alisema, midomo imejaa damu, mikono yake iko chini. "Taratibu na kichwa chako. Solveig alikitaka kizima."

Akampiga tena.